Pampu Iliyopanda Mtaa wa Juu

Sehemu ya nne

Kwa aliyechelewa, nampitisha haraka. Mimi ni mke wa mchimba visima. Mume wangu, Fundi, alivunjika mguu ndani ya kisima cha watu, akafungwa plasta mpaka pajani. Wiki hiyohiyo mto ukavunja kingo ukaingia Mtaa wa Chini, tunakokaa sisi. Tukakaa siku mbili juu ya paa la kiwanda cha mikate cha Wifi, dada yake Fundi, naye akatulisha mikate yake ya mwisho. Mara ya mwisho mlituacha tunashuka kutoka paani, hatuna kitanda, hatuna sufuria, hatuna mlango, hatuna hata bati, maana mto ulizoa mapaa. Tuna pampu tu.

Leo naungama nilichofanya na pampu hiyo. Mkitaka kucheka, chekeni. Hata mimi nilicheka, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Ni pampu ya petroli, ya kukausha visima wakati wa kuchimba. Siku ya mafuriko Fundi aliamuru ipandishwe paani kabla ya godoro, kabla ya nguo, na nusura kabla yangu. Nilimtukana kimoyomoyo siku mbili nzima.

"Sasa unaona," akaniambia tuliposhuka, mguu wake mweupe umenyooka juu ya benchi kama boriti. "Godoro lingetusaidia nini?"

"Kulalia."

"Washa mashine, mama."

Sikuwahi kuiwasha maishani mwangu. Akanielekeza kwa mdomo. Chomeka mpira wa kufyonza. Zamisha chujio. Inyweshe maji kwanza. Fungua petroli. Vuta kamba.

Nikavuta mara tisa. Mara ya kumi ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma mpaka watu wakatoa vichwa madirishani. Maji ya chumba chetu yakaanza kuruka nje kama yanafukuzwa na mbwa.

Nikaanza kucheka, na nikashindwa kuacha. Siku tatu nilikuwa mtu wa kuonewa huruma, na sasa nimeshika kitu ambacho mji mzima haukuwa nacho, maana pampu nyingine zote zilikuwa zimezama zenyewe.

Wifi alisimama mlangoni, gauni amelikunja mpaka magotini. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama ule mpira jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Wifi, tanuri langu liko majini siku ya tatu hii," akasema.

Vyumba vya mtaa wetu vyote unaviingia kwa kushuka ngazi. Barabarani maji yalishaondoka, lakini vyumbani yalituama kama kwenye beseni. Na tanuri la Wifi lilijengwa kwa matofali na udongo. Wanawake watano walikuwa wanauza mikate inayotoka humo, kila mmoja na watoto wake.

"Litahimili siku ngapi?" nikamuuliza.

"Aliyelijenga alisema wiki. Mimi nikiligusa, nasema nne."

"Kesho asubuhi naanza na wewe. Kabla ya mtu yeyote."

Nilisema hivyo kwa moyo safi, naapa. Pampu ikakohoa mara mbili, ikazimika. Petroli imekwisha.

Petroli ilikuwa inapatikana Mtaa wa Juu peke yake. Kesho yake alfajiri nikachukua dumu nikapanda.

Mwenye Ghala mnamjua hata kama hamumjui, kila mji unaye wa kwake. Anauza saruji, mabati, mbao, misumari na unga. Ukijenga unapita kwake, ukila unapita kwake. Nilimkuta amekaa juu ya meza, miguu amening'iniza, chini ya meza kuna maji ya kufika kwenye kifundo. Sisi yalitufika shingoni, lakini mfuko wa saruji ukiloa chini umekufa mpaka juu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na uso wa msiba.

"Jana nimesikia mngurumo kutoka kule kwenu," akasema. "Mashine ya nani?"

"Yangu."

Sikusema ya mume wangu. Nilisema yangu, na ikanikaa vizuri mdomoni.

"Petroli ninayo. Lori la kuifuata mashine ninalo. Nikaushie ghala leo, nakupa petroli ya wiki nzima, na juu yake nakupa hizi." Akaweka noti mezani. Sitataja ngapi, maana Fundi husomewa gazeti hili. Nitasema tu kwamba yeye angechimba visima viwili ndipo azishike.

"Nimemwahidi wifi yangu," nikasema.

"Wifi yako anasafiri?"

"Hasafiri."

"Basi utamkuta."

Lilikuwa jibu la kijinga, na mimi nikaliona lina akili sana.

Pampu ikaletwa kwa lori. Nikazamisha chujio, nikainywesha, nikavuta kamba, safari hii mara mbili tu. Mpira wa kutolea maji nikauelekeza mtaroni. Mtaro unateremka. Unateremkia wapi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeletewa kiti.

Kiti chenye mto, wasomaji wangu. Msimamizi wa ghala, mtu mzima tuliyemwita Meno kwa sababu hakuwahi kufunga mdomo, alisimama pembeni yangu ameshika mwavuli nisipigwe na jua. "Madam, chai iwe na sukari kiasi gani?" akaniuliza. Mimi, ambaye juzi tu nilikuwa juu ya paa nimevaa pazia.

Saa kumi ghala lilikuwa kavu. Nikasema sasa kwa Wifi. Nageuka, nakuta wanaume watatu wenye tai wananisubiri. Mwenye hoteli, mwenye duka la dawa na wakili.

"Mimi nimefika kwanza," mwenye hoteli akasema.

"Umefika kwanza lakini hukusalimia," mwenye duka la dawa akamwambia. "Madam, shikamoo."

Ana umri wa baba yangu. Nikaitikia marahaba bila aibu. Wakili aliuchukua ule mpira wenye matope akauweka begani juu ya koti lake akaanza kutembea kuelekea kwake, akijua mashine itaufuata mpira. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamfuata.

Niliporudi nyumbani siku hiyo, Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi zake, viganja vyekundu.

"Tumechota kwa ndoo tangu alfajiri," akasema. "Watu kumi na mmoja. Tumebakiza kidogo tuone sakafu. Saa nane maji yakarudi."

"Yametoka wapi?"

"Mtaroni. Yameteremka kutoka juu."

Nikaangalia miguu yangu.

"Labda ni mvua," nikasema.

Jua lilikuwa linawaka.

"Labda," Wifi akasema. "Kesho utakuja?"

"Kesho nakuja."

Sikwenda. Siku ile nilikuwa hotelini, na siku ya kufuata nilikuwa kwenye duka la dawa, na baada ya hapo nikarudi hotelini kwa sababu mwenye hoteli alikuwa na tanuri la mikate uani, la kisasa, na alitaka lianze kuwaka haraka. Sasa nilishajua maji yanakwenda wapi. Kila nilipovuta kamba nilijiambia kwamba ni sehemu hii tu imebaki, na kwamba nikishapata pesa nitawasaidia wote kwa pamoja.

Raha ilinipanda kichwani. Nilinunua mabuti mekundu ya mpira. Nilinunua godoro jipya. Watoto wa Mtaa wa Juu walinipachika jina Mama Pampu, na walipolitamka nilitembea kama naitwa jukwaani. Fundi naye, kitandani, kila nikiingia anaongeza mipango.

"Tukipata mafuriko mengine mawili kama haya, tunahama," akasema.

"Tunahamia wapi?"

"Juu."

Tukacheka mpaka plasta ikamuuma.

Siku ya sita nikaenda kwa Mwenye Ghala kama mteja. Nataka mabati na mlango, nifunike familia yangu. Meno akanitajia bei. Nikamwomba arudie. Akarudia, ilikuwa imepanda mara mbili na zaidi.

"Meno, mimi ni Madam."

"Ndiyo, Madam. Nimekupunguzia."

"Wiki mbili zilizopita haikuwa hivi."

"Wiki mbili zilizopita Mtaa wa Chini ulikuwa na mapaa." Akatabasamu, si kwa ubaya. "Mabati na saruji kavu viko hapa tu, mji mzima. Wewe mwenyewe ndiye uliyevikausha."

Nikatoa pesa zangu zote zilizobaki za siku sita. Zikatosha mabati na mlango, zikaisha. Nilipomkabidhi niliona baadhi ya noti bado zina mkunjo uleule aliozikunja Mwenye Ghala aliponilipa. Zilikuwa zimeenda kutembea, sasa zinarudi nyumbani.

Nikatoka nje. Foleni ya watu wa mtaa wangu ilifika barabarani. Fundi cherehani, muuza mkaa, mama mwenye genge la mboga, wote wanauliza bei na wote wanageuka mikono mitupu. Mikononi mwa wengine niliona mkate wa hotelini. Mkate huo nao ulikuwa umepanda, kwa sababu tanuri lilikuwa moja tu mji mzima, na mnajua nani alilikausha.

Kwa mara ya kwanza tangu nivute ile kamba, sikuona cha kuchekesha.

Nikamwambia mwenye duka la dawa kwamba sirudi. Nikakodi mkokoteni, nikapakia pampu, nikateremka nayo mpaka kwa Wifi. Alikuwa amekaa palepale kwenye ngazi.

"Nimekuja," nikasema.

"Naona."

Hakunisaidia kushusha wala hakunizuia. Nikapitisha mpira juu ya tuta la mto, upande ule ambao mto ulishapungua, nikavuta kamba. Maji yakaanza kushuka. Mistari ikatokea ukutani, mmoja chini ya mwingine. Wanawake watano wa mikate wakaja wakasimama mlangoni, mmoja akaanza kuimba kidogokidogo. Moyo ukanirudia. Nikajisemea, bado hujachelewa, unaona.

Mdomo wa tanuri ukatokea. Kisha tumbo lake. Kisha ukatokea msingi, na msingi haukuwa matofali tena, ulikuwa uji.

Maji ndiyo yaliyokuwa yanalishikilia. Yalipoondoka, tanuri likaketi. Halikuanguka kwa kishindo, liliketi polepole kama bibi anayekaa mkekani, likatoa pumzi, likabaki rundo.

Nikazima mashine. Yule aliyekuwa anaimba alishanyamaza.

"Siku ya nne lilikuwa bado gumu," Wifi akasema. "Nililigusa."

Basi. Afadhali angenichapa.

Siku mbili baadaye nilisikia ameuza chumba chake cha mikate. Meno alikuwa anapita Mtaa wa Chini na karatasi za wakili, mlango kwa mlango, ananunua vyumba kwa niaba ya Mwenye Ghala. Asiyeweza kununua bati alikuwa anauza kuta apate nauli ya kwenda kwa ndugu. Vyumba kumi na kimoja kwa wiki moja, kwa bei ambayo zamani ungepata mlango na fremu yake. Cha Wifi kilikuwa cha kumi na mbili.

Nikakimbilia kwetu kumwambia Fundi. Nikamkuta amelala juu ya godoro jipya, kando ya rundo la mabati tuliyokosa wa kuyapigilia. Pembeni ya ukuta, mahali pa pampu, palikuwa patupu.

"Fundi, pampu iko wapi?"

"Nimeuza."

"Umeuza pampu?"

"Ni yangu, si yangu?"

"Umemuuzia nani?"

"Dada yangu. Kaja na pesa ya chumba chake yote, kaiweka hapa kifuani. Ningemwambia nini? Kulala kwake tumelala, mikate yake tumekula."

"Na hukuniuliza."

Akanigeuzia uso. "Wewe uliniuliza ulipokuwa unaipangia kazi?"

Nikaenda kwa Wifi. Nilimkuta amekaa juu ya tofali mbele ya chumba ambacho si chake tena, pampu iko kati ya miguu yake, anaisugua matope kwa kitambaa.

"Sijui kuivuta kamba," akasema bila kuniangalia. "Wewe unajua. Nimekuajiri."

"Wifi, nisamehe."

"Hilo ni la nyumbani, na nyumbani bado sijakusamehe. Hapa tuko kazini, hapa niite Bosi."

Nilitafuta usoni kwake kama anatania. Sehemu fulani ya mdomo ilikuwa inatania, macho hayakuwa yanatania hata kidogo. Nikasema, "Ndiyo, Bosi," na wale wanawake watano nyuma yangu wakaangua kicheko ambacho nadhani walikuwa wamekibana tangu siku ya tanuri. Nikacheka nao. Nilifurahi kudharauliwa, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Tukaanza kazi siku hiyohiyo. Chumba cha mama wa mboga, cha fundi cherehani, cha muuza mkaa. Wifi alitoza bei ya petroli na kidogo cha juu. Aliyekosa alilipa kwa kubeba mpira.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mvua ikarudi.

Ilikuja safari hii kutoka mlimani, na mlima uko nyuma ya Mtaa wa Juu. Sisi tulikuwa tumezoea kulowa, tukapandisha vitu kwenye paa la kiwanda tukasubiri. Saa sita Meno akatokea barabarani anakimbia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefunga mdomo.

"Madam," akaniambia, anahema. "Ukuta wa nyuma wa ghala umepasuka. Maji yako kiunoni. Bosi anasema taja bei yoyote."

Nikanyoosha kidole. "Madam ni yule."

Meno akamgeukia Wifi. Mtaa mzima ulikuwa umetoka, watu wamejifunika magunia vichwani, kila mmoja ana chumba kinachoingia maji, kila mmoja anasubiri aone mashine inakwenda wapi. Nikamsogelea Wifi sikioni.

"Bosi, usiende. Mimi nilikwenda, umeona."

"Nyamaza, wewe ni mwajiriwa." Akamwambia Meno, "Hiyo bei yoyote, anaijua yeye mwenyewe ni nini?"

"Sema tu, mama."

"Aje hapa. Aje na hati za vyumba alivyonunua wiki hii, zote kumi na mbili, si changu peke yake. Kila mtu atamrudishia pesa yake atakapoipata. Tukishika hati, tunawasha."

Watu hawakupiga kelele. Walisogea tu, wakatuzunguka, na muuza mkaa akavua gunia lake akaifunika pampu isilowe. Meno alimwangalia Wifi, akaniangalia mimi, akageuka akakimbia kurudi alikotoka.

Ile nusu saa iliyofuata ilikuwa tamu kuliko siku zangu zote za kiti chenye mto. Tulikuwa tumelowa chapachapa, tunasukumana, tunacheka hovyo. Mama wa mboga alishaanza kupanga atakavyopaka rangi chumba chake. Wifi alinishika mkono chini ya kanga akaubana mara moja, akauachia haraka, kama mtu aliyejisahau.

Kisha tukamwona Mwenye Ghala. Anateremka kwa miguu, suruali imekunjwa, ameinua mfuko wa nailoni juu ya kichwa.

"Kaleta," mtu akasema nyuma yangu.

Ndipo tukaona hayuko peke yake. Nyuma yake walikuwa polisi wawili, na wa pili alikuwa ameshika karatasi ndani ya plastiki.

Wakafika. Mwenye Ghala hakumsalimia mtu. "Mashine hii ni mali yangu," akasema. "Nimeinunua juzi. Meno nilimtuma kwa amani kwanza, ninyi mkaleta habari ya hati."

"Umeinunua kwa nani?" Wifi akauliza.

Polisi akamnyooshea ile karatasi. Wifi akaisoma, midomo ikacheza, kisha akanipa mimi. Niliruka maandishi yote nikaenda moja kwa moja chini kwenye alama ya dole gumba. Ina kovu la nyundo linaloikata katikati. Kidole hicho nakijua, nalala nacho.

Fundi alikuwa ameiuza pampu mara mbili.